Samaki wa dhahabu aliyejeruhiwa kwenye tangi la mchanganyiko: tupeane uzoefu

Pezi Jekundu (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba tupeane uzoefu kuhusu samaki wa dhahabu walioumia wakiwa tangi moja na samaki wa aina nyingine. Tuache ya kusikia, tuseme yaliyotukuta wenyewe: uliona nini, ulifanya nini, samaki akaishia wapi.

Naanza na langu kwa sababu bado linaniuma. Nina tangi la lita 200. Ndani kulikuwa na oranda wawili na kometi mmoja, wote aina za samaki wa dhahabu, na pleko, yule kambare mnyonyaji. Pleko nilimchukua akiwa na urefu wa kidole, nikiambiwa atakula ukijani wa kwenye vioo. Sasa amefika sentimita 22.

Wiki tatu zilizopita niliamka nikamkuta oranda wangu mkubwa kajibanza kona, pezi la mgongo limelala. Ubavuni alikuwa na baka la ukubwa wa ukucha, magamba hayapo, nyama nyekundu iko wazi. Nikadhani ni maradhi, nikamimina dawa ya bluu ya kuvu kwenye tangi zima. Kesho yake baka la pili likatokea upande wa pili. Usiku ule nikakaa gizani na tochi niliyoifunika kitambaa. Kama saa sita na nusu pleko akatoka chini ya gogo, akamwendea oranda aliyekuwa amelala karibu na sakafu, akambandika mdomo ubavuni. Oranda alishtuka, akasogea kidogo, akachoka, akatua. Pleko akamfuata tena. Nililia, nasema kweli. Siku zote zile nilikuwa namtibu huku namlaza na anayemla.

Nilimtoa usiku uleule. Sikutumia wavu, maana uzi wake ungemkwaruza pale pabichi. Nilizamisha bakuli, nikamwongoza akaingia mwenyewe. Sasa yuko kwenye beseni la lita 40 lenye jiwe la hewa, lile linalotoa viputo. Maji nambadilishia nusu kila siku, yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile. Chumvi nimeweka gramu 1 kwa kila lita. Anakula kidogo. Ninachotaka kujua: baka linafunga baada ya muda gani, na nitajuaje kuwa sasa ni wakati wa kumrudisha?

Mama Vifuniko

Pole sana ndugu yangu. Mimi wangu waliumizwa na barbi, wale wadogo wenye milia minne myeusi. Nilikuwa na samaki wa dhahabu wa mkia mrefu wawili na barbi watatu. Barbi wakiwa wachache hawana wa kugombana naye miongoni mwao, basi mikia inayopepea ikawa ndiyo mchezo wao. Mchana ukiwatazama wametulia. Asubuhi mkia umechanika kama kitambaa kilichonaswa na msumari.

Niliwatenga. Mapezi yalianza kuota baada ya wiki moja hivi, na hapo ndipo nilipokosea. Pezi jipya huota likiwa angavu, au lina ukingo mweupe. Nikaona ule weupe, nikasema kuvu, nikaanza dawa. Samaki akalegea kwa dawa, wala si kwa kidonda. Siku hizi natazama umbo: ukingo ukiwa laini na umenyooka, ni pezi linalokua, ukiwa na nyuzi zilizosimama kama pamba, hapo nahangaika. Na mradi shina la pezi halijaliwa, mara nyingi linarudi.

Barbi nao ni samaki wa maji ya joto, na hawa wa dhahabu hutulia zaidi kwenye nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Nilikuwa nawaweka wote kwenye 25, na hakuna aliyekuwa anastarehe.

Kokoto Tatu

Langu ni fupi. Samaki alikaa mdomo wazi siku nzima, hali, nikadhani kapigwa na mwenzake. Kumulika kwa taa, kokoto imekwama mdomoni. Samaki wa dhahabu huokota kila kitu sakafuni, akakinyonya na kukitema. Nilimshika kwa kitambaa kilicholowa, nikaitoa taratibu kwa kibano chenye ncha butu. Tangu hapo nimeweka mchanga mtupu. Kabla hujamlaumu jirani yake, mwangalie mdomo.

Jicho Moja

Mkuu Pezi Jekundu, kuna jambo nimeliona kwenye maelezo yako. Dawa ya bluu uliyomwaga kwenye tangi zima inaweza kuua bakteria wazuri wa kichujio, wale wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti na kisha nitrati. Pima maji ya tangi kubwa leo. Amonia na nitriti zote zinatakiwa kuwa 0. Vinginevyo utamponya kwenye beseni, kisha umrudishe kwenye maji yanayomchoma matamvua.

Wangu ni yule mweusi mwenye macho yaliyotokeza. Nilimweka na kometi kwa kuwa wote ni samaki wa dhahabu, nikaona ni ndugu. Lakini kometi ana mwili mrefu na mbio nyingi, huyu ni wa mviringo na haoni vizuri mbele. Kila nikitia chakula kulikuwa na vurugu, akawa anasukumwa kwenye jiwe lenye makali. Jicho la kushoto likavimba, likawa na ukungu, siku ya nne likatoka. Nilidhani ndiyo basi.

Nilimtenga kwenye maji safi na chumvi kidogo, taa nikaizima kabisa kwa sababu samaki hana kope za kufumba. Tundu likafunga ndani ya mwezi. Sasa ana miaka miwili na jicho moja. Namlisha pembe ileile kila siku, namgongea kioo mara mbili, anakuja kwa kunusa na kwa kuhisi mtikisiko wa maji. Kometi nimempeleka kwenye bwawa la jamaa. Jiwe lile nililitupa.

Dada wa Majani

Kuhusu chumvi naomba nitofautiane kidogo na wanaoiweka kwenye tangi zima. Mimi niliiweka, gramu 3 kwa lita, kwa ajili ya samaki mmoja aliyekwaruzwa. Samaki akapata nafuu. Mimea ikanywea, konokono wakafa, na kambare wadogo wa sakafuni wakawa wanapanda juu kuvuta hewa kila dakika. Kambare wengi hawavumilii chumvi kama anavyoivumilia samaki wa dhahabu. Chumvi iwe ya beseni la mgonjwa tu, iwe isiyo na viungo wala madini joto, na uiyeyushe pembeni kwanza.

Tena chumvi haipotei na mvuke. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu. Ukitoa nusu ya maji, rudisha chumvi ya ile nusu tu. Mimi nilikuwa naongeza kipimo kizima kila siku bila kujua, na nilipokuja kupiga hesabu nilishikwa na hofu.

Mlinzi wa Usiku

Wangu walikuwa samaki wa dhahabu watupu pamoja na konokono, na bado jike liliumia. Madume mawili yalimfukuza tangu alfajiri, yakimsukuma tumboni, hadi magamba ya ubavu yakang'oka na pezi la chini likachanika. Niliona vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua vya madume, nikafikiri ni ugonjwa wa madoa meupe. Kumbe ni alama ya dume lililo tayari kuzaliana. Vilikuwa vimejipanga kwenye kifuniko na kwenye mwanzo wa pezi la pembeni, havikutapakaa mwilini. Nilimtenga jike kwa siku kumi, nikamrudisha fukuzano lilipokwisha.

Mama Vifuniko

Na mimi niseme la aliyekufa, maana tukitaja waliopona tu hatutakuwa tumepeana uzoefu. Mmoja wa wale walioumizwa na barbi alipata weupe mgongoni, kama tandiko la farasi. Nikaita kuvu, nikapandisha joto nikidhani atapona haraka. Ilikuwa ni bakteria, na joto liliipa nguvu. Kwa siku mbili weupe ukafika mdomoni ukiwa na rangi ya manjano kwa mbali, na mdomo ukaanza kulika. Dawa ya kuvu haikumsaidia kitu. Alikuwa amelala ubavu, matamvua yanapepea, haniangalii tena.

Nilimpumzisha kwa mafuta ya karafuu. Unatikisa matone machache kwenye chupa ya maji mpaka yawe meupe kama maziwa, unamwagia polepole kwenye chombo chake mpaka alale usingizi, ndipo unaongeza mengi zaidi. Baada ya matamvua kusimama nilikaa naye nusu saa nyingine ili niwe na hakika. Kumwacha vile ingekuwa vibaya zaidi.

Pezi Jekundu (mleta mada)

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Jicho Moja, nilipima kama ulivyosema: amonia ya tangi kubwa ilikuwa 1. Nimebadilisha maji kila siku kwa siku tisa, leo ni 0, na nitriti ni 0.

Pleko amepata tangi lake mwenyewe kwa rafiki yangu, lenye magogo, na analishwa usiku. Sina kinyongo naye. Alikuwa na njaa, na mimi sikuwa nikimlisha.

Oranda, baka la kwanza limefunga. Kingo zake zilikuwa zimegeuka nyeusi nikaogopa, nikapiga picha kila asubuhi nikilinganisha. Weusi ulikuwa pale ngozi mpya ilipokuwa inajifunga, na sasa unafifia. Magamba yameanza kurudi, hayana rangi bado. Baka la pili lina ukubwa wa punje ya mchele. Chumvi nimeipunguza kidogo kidogo kwa kubadilisha maji bila kuirudisha.

Leo nilipoinua kifuniko alipanda juu mwenyewe, pezi la mgongo limesimama. Nitamwacha hukohuko mpaka punje ile ifunge.