Methotreksati wiki ya 6 na vidole bado vimevimba: imeshindwa?

Kifundo
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mgonjwa wa baridi yabisi, kingamwili za anti-CCP (alama ya ugonjwa huu kwenye damu) ziko juu, anameza methotreksati (dawa ya kutuliza kinga inayoshambulia viungo) miligramu 10 kila Jumatatu, sasa wiki ya 6. Vidole vimevimba, asubuhi anakaa saa nzima kabla havijalegea, na Jumanne yote ni kichefuchefu. Wakati wa dawa za kibayolojia (protini za kuzuia uvimbe) umefika?

Dawa_na_Dozi
Haujafika. Miligramu 10 ni ya kuanzia tu. Ini na figo zikiruhusu, hupandishwa taratibu hadi 20 au 25 kwa wiki, na nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12. Akiiacha sasa atakuwa hajaijaribu.

Kuhusu kichefuchefu, ulizeni kwanza kama ameandikiwa asidi ya foliki. Wengi hupewa miligramu 5 kwa wiki, siku tofauti na methotreksati. Hupunguza kichefuchefu na hulinda ini. Methotreksati ikipita miligramu 15, utumbo hushindwa kuifyonza yote, hivyo kuongeza vidonge kunasaidia kidogo. Hapo aombe sindano ya chini ya ngozi: dozi ileile, lakini nyingi zaidi hufika kwenye damu.

Na tafadhali sana, ni MARA MOJA KWA WIKI. Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, maana hukandamiza uboho (sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu) na chembe za damu huisha. Siku iandikwe kwenye pakiti, na atumie vidonge vya miligramu 2.5 pekee, asichanganye na vya 10.

Uboho
Naongezea hapo. Asipewe kotrimoksazoli (antibiotiki, Septrin) bila daktari wake kujua. Zote mbili huzuia kazi ya foleti (vitamini ya kutengeneza chembe za damu), na zikikutana uboho huweza kuporomoka hata kwa dozi ndogo. Akiharisha au kutapika sana, asimeze dozi ya wiki hiyo kabla ya kuongea na daktari: mwili ukikauka, figo huchelewa kuitoa dawa. Homa, vidonda vya mdomoni au kikohozi kikavu chenye kukosa pumzi, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kifundo
Asanteni. Damu ipimwe kila baada ya muda gani?

Uboho
Picha kamili ya damu, ini na kreatinini (kipimo cha figo), kila wiki 2 hadi 4 kwa miezi 3 ya mwanzo na dozi inapopandishwa. Baadaye kila wiki 8 hadi 12.

Sinovia
Hata dozi kamili ikigoma, kuna hatua katikati. Utafiti wa RACAT wa 2013, wenye wagonjwa 353 ambao methotreksati haikuwatosha, ulilinganisha kuwaongezea salfasalazini na haidroksiklorokwini dhidi ya kuwaongezea etanasepti, dawa ya kibayolojia. Mchanganyiko wa vidonge haukuzidiwa, na waliokosa nafuu kufikia wiki ya 24 walibadilishiwa upande. Kwa hiyo kuanza na vidonge si kumpunja mgonjwa.

Ikibidi dawa za kuzuia TNF (protini inayochochea uvimbe), kama etanasepti, apimwe kwanza kifua kikuu kilicholala na homa ya ini B. TNF ndiyo inayoshikilia ukuta unaowafungia vijidudu vya kifua kikuu. Ukiizuia, ukuta hubomoka.