Visa vya kweli vya ukatili wa kifamilia: hukumu, kitabu cha mwanahabari au simulizi ya manusura?

Msomaji_Tabora: Wakuu, kikundi chetu cha kusoma hapa Tabora mjini kinataka visa vya kweli vya watoto walioteswa na wazazi wao. Tuanze na kipi ili watu wasikimbie?

Mgebuka_Ujiji: Hukumu. Ziko TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, bure. Mpangilio wake unatabirika: shtaka, mashahidi wa Jamhuri (upande wa mashtaka), utetezi, sababu za uamuzi. Kwa kawaida jina la mtoto hufichwa. Pazito ni ushahidi wa mtoto mwenyewe na wa daktari aliyejaza PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Mkilemewa rukeni hadi hoja za rufaa, uzi haukatiki. Kasoro: nyingi ni za Kiingereza, na kikavu kweli.

BiTausi: Mgebuka, mshtakiwa akikiri je? Kesi ya Turpin, California: watoto 13, wengine wakifungwa minyororo kitandani. Januari 2018 binti wa miaka 17 alitoroka kupitia dirishani, akapiga 911 kwa simu iliyokatwa huduma. Namba ya dharura huko hupokelewa hata hivyo. Wazazi walikiri 2019, wakapewa miaka 25 hadi maisha. Kesi haikufika kusikilizwa kikamilifu, kwa hiyo hakuna hukumu inayochambua ushahidi. Jambo la kujadili, kwamba baba aliisajili nyumba kama shule binafsi na hakuna mwalimu wa nje aliyewaona watoto, utalikuta kwa mwanahabari. Mimi naanza na huyo.

Mgebuka_Ujiji: Hapo umenibana, dada.

Kazimzumbwi: Simulizi ya manusura iwe ya mwisho. Imeandikwa kwa "mimi", huna pa kusimama pembeni. Someni sura ya mwisho kwanza, mjue aliokoka vipi. Kurasa 20 kwa kikao zinatosha, mchana, na msisome kwa sauti sehemu za kipigo. Vipindi vya kusikiliza viacheni kabisa: muziki wa kutisha, na kuruka ni kubahatisha.

BiTausi: Nyongeza. Visa hivi hufungua midomo. Mtu akitaja mtoto anayeumizwa sasa hivi, fungeni kitabu. Pigeni 116, haitozwi, au nendeni dawati la jinsia na watoto polisi. Msimhoji mtoto wenyewe: akirudiarudia maelezo yakapishana, wakili wa utetezi atayashika hayo hayo. Kama ni kubakwa, hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazitolewi. Asiogeshwe kwanza.

Msomaji_Tabora: Basi mwanahabari, kisha hukumu. Mgebuka, nitumie moja fupi.