Nampeleka mama Hija, ana sukari. Nijitayarishe vipi?

Mtoto wa Kisauni
Assalaam aleikum. Inshallah mwaka huu naenda Hija na mamangu kutoka Mombasa. Ana miaka 67, ana sukari, hudunga insulini asubuhi na jioni. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ameshapata. Wakala ametwambia dawa zote tutie sanduku kubwa, mkononi tubaki wepesi. Na hii chanjo ya homa ya manjano, kwa umri wake, ni sawa? Mliokwenda na wazazi nisaidieni.

Mfamasia wa Tudor
Waaleikum salaam. Insulini isiende sanduku kubwa hata kidogo. Chini ya ndege kunaweza kuwa baridi ya kuigandisha, na ikishaganda ni ya kutupa. Ibebe mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Kule itie katika chupa ya chai ya mdomo mpana yenye barafu, uizungushie taulo isigusane nayo. Dawa kali za maumivu kama tramadol usibebe kienyeji, Saudia wana masharti nazo.

Homa ya manjano: Kenya imo kwenye nchi zenye hatari, kwa hivyo kadi huulizwa. Lakini ile ni chanjo ya kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa waliopita miaka 60 madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwa na uwezekano zaidi. Daktari ampime kwanza. Akiona haifai, amwandikie barua ya msamaha, nanyi muulize mapema kama itakubaliwa. Je, hakuwahi kudungwa zamani?

Mama Nasra
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nilikwenda na mamangu 2024, mwaka wa lile joto. Makka ilipita nyuzi 51, na Saudia wenyewe walitangaza mahujaji zaidi ya 1,300 waliofariki, wengi wao walioingia bila kibali cha Hija, hawana hema wala basi. Tazama visa yenu iwe ya Hija, si ya matembezi. Hilo limekwisha.

Sasa nikupe ambalo mimi sikuambiwa. Chanjo tulidungwa, dawa nilizihesabu, miavuli nilinunua Marikiti. Alfajiri ya siku ya Arafa, bado tuko Mina, naamka namkuta mamangu mikono baridi, jasho linamtoka, maneno hayashikani. Kimashine cha kupimia sukari kikasoma 2.9, imeshuka mno. Nikapapasa nyuma ya mto wake kutafuta tende, nikakuta chupa nne za maji, zimejaa, zimepangwa kama za dukani. Na mkate wa jana umefungwa kwenye kitambaa.

Alikuwa bado anameza, nikamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, kisha tende, akarudi. Nikamuuliza kulikoni. Akaninong'oneza, wenziwe wasisikie: "Foleni ya choo, mwanangu. Naogopa kuadhirika mbele ya watu."

Kumbe! Wanawake hupanga foleni ndefu kule, na mwenye sukari mkojo haumngoji. Akaamua asinywe, asile, na insulini akawa anadunga vilevile.

Wewe ni mwanamume, hatakwambia abadan. Tena Mina wanawake wana hema lao, wewe uko kwingine, alfajiri hiyo hutakuwapo. Kwa hivyo mtume dadako au khalati yako aseme naye kabla hamjaondoka. Nunua nepi za wakubwa hapa hapa, usingoje kule. Na mwanamke mmoja wa kundi lenu ajue kutumia kimashine, ajue sukari ikishuka mtu huwaje. Mimi nilikuwa na bahati, nililala ubavuni pake.

Soksi nzito pia, mwanamke anaruhusiwa kuzivaa ndani ya ihramu, maana miguu ya mwenye sukari haisikii mwiba wala moto. Na akichoka, mawe ya Jamarati wewe utamtupia. Asione haya.

Mtoto wa Kisauni
Mama Nasra, Mungu akulipe. Sikulifikiria hema. Kadi ya njano nimeikuta kabatini, alidungwa 2011 alipokwenda Umra, lakini imeandikwa mwisho 2021.

Mfamasia wa Tudor
Ni nzuri hiyo. Tangu Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, hata zilizotolewa kabla ya hapo, tarehe ya mwisho isikutishe. Hakuna haja ya kumdunga tena. Tazama tu jina lilingane na pasipoti, herufi kwa herufi. Na ile ya uti wa mgongo iwe imepita siku 10 kabla ya kufika.

Mtoto wa Kisauni
Jina lina "h" moja zaidi kwenye kadi. Kesho naipeleka. Khalati alikuja jana, wakajifungia chumbani saa nzima. Alipotoka akaniambia, "Paketi tatu, na usimuulize kitu."

Mama Nasra
Nunua nne.