Vidudu vya Mto Lukuledi: DNA imegoma kusomeka, nimekosea wapi?

Binti wa Nyangao
Shikamooni wakubwa. Nafanya utafiti wa vidudu visivyo na uti wa mgongo Mto Lukuledi, kuanzia Ndanda hadi karibu na Mingoyo, kabla maji hayajaonja chumvi. Nilipeleka maabara sampuli 48 zisomwe msimbopau wa DNA, yaani kipande kifupi cha DNA cha kutambua aina ya kiumbe, ile jeni ya COI. Zimesomeka 13. Jibu nililopewa ni "sampuli mbovu", basi. Imeniuma, maana hela ilikuwa ya mama, ya mauzo ya korosho.

Vidudu vyote vya kila kituo cha kukusanyia niliviweka chupa moja, nikajaza spiriti ya duka la dawa. Chupa zilishinda juani mpaka bodaboda alipokuja kunichukua jioni. Konokono ndio waliogoma kabisa, hata mmoja hakusomeka. Nirudie vipi?

Mzee wa Maabara
Marahaba mwanangu. Shida ilianzia pale mtoni. Spiriti ya kusafishia vidonda kwa kawaida ni asilimia 70. Wewe unataka ethanoli ya 95 kwenda juu. Tena mdudu mwenyewe ni maji matupu. Ukishindilia chupa, ethanoli inazimuliwa usiku uleule, kwa hiyo kesho yake mwaga, weka mpya. Formalini usiiguse: umbo litabaki zuri, DNA itaharibika.

Konokono akishtuka anajikunyata ndani na ethanoli haimfikii. Pasua ganda kidogo, ila mpige picha kwanza. Ute wake nao huzuia PCR, ile njia ya maabara ya kunakili DNA, waambie maabara wausafishe. Usiwaache hao! Kule Unguja, Bulinus globosus anayeeneza kichocho na Bulinus nasutus asiyekieneza huko walitenganishwa kwa DNA, maana kwa ganda wanafanana mno.

Binti wa Nyangao
Asante sana baba. Na watoto wa kereng'ende niwatume wazima?

Mzee wa Maabara
Hapana, mguu mmoja unatosha. Mwili ubaki kwako kwa namba ileile. Herufi 658 za DNA ya COI zikikosa za kufanana nazo kwenye BOLD, kanzidata ya kimataifa ya misimbopau ya DNA, mtaalamu atautaka huo mwili.

Kaka wa Ruvuma
Dada, kamata na kereng'ende wakubwa palepale mtoni. Mkubwa ni rahisi zaidi kumtambua ni wa aina gani. Msimbo wake ukilingana na wa mtoto wa majini, umempatia mtoto jina. Nenda alfajiri, wakiwa bado wamelowa umande kwenye matete. Hawaruki, unawachuma kwa vidole.