Fundi alikata springi za Surf yangu kwa gesi, kisha akanilipisha springi mpya

Nimekaa na hasira hii wiki tatu. Leo gari limefunguliwa mbele yangu na fundi mwingine, nimejionea kwa macho, na sinyamazi.

Gari ni Toyota Hilux Surf ya 1994, dizeli ya 3.0, mbele tosheni ba (fito za chuma zinazojipinda, zinafanya kazi ya springi), nyuma springi za koili. Mama yangu ana miaka 74 na goti lake la kulia halikunjiki. Kila baada ya wiki mbili nampeleka kliniki kutoka Utawala, hapa Nairobi, na kumpandisha kwenye Surf ni kazi ya watu wawili, mmoja anavuta, mwingine anasukuma, majirani wanatazama. Kibao cha kukanyagia kipo, lakini goti halimruhusu kukifikia. Nikaamua gari lishuke inchi 2. Mbili tu, sikutaka urembo.

Nikaenda gereji moja kule Industrial Area. Tukakubaliana springi fupi mpya za nyuma, shoku (vizuia mtikisiko) zinazoendana nazo, tosheni za mbele zilegezwe, na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifanywe mwishoni. Shilingi 52,000. Nililipa zote. Risiti ninayo, imeandikwa "springi mpya 2, shoku mpya 2".

Kesho yake mama alipanda peke yake. Alishika mlango, akajivuta, akaketi, akacheka. Nilimtumia yule fundi ujumbe wa kumshukuru, na nikiukumbuka ujumbe ule naumia kuliko nikikumbuka pesa.

Tuta la kwanza tu la mtaani, nyuma ikagonga kong! Mama akapiga yowe. Nikampigia fundi. "Boss, springi mpya huwa ngumu, zikizoea zitalegea." Nikamwamini. Nikawa navuka kila tuta kwa gia ya kwanza, na bado inagonga.

Kisha ikaja mvua. Tuko Jogoo Road, mwendo wa kama kilomita 50, matatu ikasimama ghafla mbele yangu kushusha abiria. Nikakanyaga breki vile nimekanyaga miaka 9 kwenye gari hilohilo. Magurudumu ya nyuma yakajifunga kabla ya yale ya mbele, mkia ukaanza kuja ubavuni. Tulisimama mshazari, tumeziba leni mbili, mama kashika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili anaomba kwa sauti. Nyuma yetu kulikuwa na lori. Lilisimama. Siwezi kuandika zaidi kuhusu hilo.

Sasa sikilizeni kilichokutwa leo.

Springi ni zangu zilezile. Rangi ya kiwandani bado iko juu, lakini mwisho wa chini umekatwa kwa moto, umekuwa mweusi wenye ubluu, na matone ya chuma kilichoyeyuka yamegandia pale. Nimepitisha kidole, yakanikwaruza. Mzunguko mmoja na nusu umeondolewa. Chuma cha springi hupewa nguvu yake kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikipiga moto wa gesi, sehemu ile inapoteza ile nguvu na inaweza kukatika siku yoyote. Isitoshe, ule mwisho uliokatwa haukai tena kwenye kikalio chake. Tulipoinua gari kwa jeki hadi ekseli ikaning'inia, springi ya kushoto ilikuwa huru kabisa, naizungusha kwa mkono. Hebu fikiria gurudumu linaingia shimoni nayo ikachomoka.

Shoku nazo ni zilezile za zamani, zimepigwa rangi nyeusi. Hata hawakuziba bushi, zile raba za kwenye ncha zake, rangi imezimwagikia.

Na ile breki? Nyuma ya Surf kuna vali yenye ufito mwembamba uliofungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: nyuma ikilala, vali inaruhusu presha ya breki iliyo kubwa zaidi iende magurudumu ya nyuma. Ukishusha gari bila kurekebisha ule ufito, vali inaamini umepakia mzigo kila siku, na barabara ikilowa magurudumu ya nyuma yanajifunga kwanza. Fundi wa leo alinionyesha kwa tochi, akausukuma ufito kwa kidole, nikaelewa kwa dakika moja. Kwa nini yule mwingine, anayejiita mtaalamu wa kushusha magari, hakuugusa?

Mbele ndiko kuna aibu nyingine. Tosheni zimelegezwa hadi kati ya mkono wa chini unaobeba gurudumu na raba ya kizuizi kidole hakipiti. Alaimenti haikufanywa, tairi zote mbili zimelika upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana. Tumepima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda: nyuma imeshuka inchi 3 na nusu. Niliomba 2.

Nilimpigia mwenye gereji nikiwa palepale. Akaniambia kazi ikishatoka getini si yake tena. Nikamwambia mama yangu alikuwa ndani ya gari lile. Akakata simu.

Kwa hiyo mnaotaka kushusha gari la zamani, Surf, Pajero, chochote, ombeni mrudishiwe springi za zamani mkononi kabla hamjatoa hata shilingi. Mkiona hawana, mjue ziko chini ya gari. Mimi hata zile za asili sina tena za kurudishia.

Gari liko juu ya stendi, mama anaenda kliniki kwa teksi. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa getini kwao na zile springi ndani ya gunia, risiti mfukoni, nataka 52,000 zangu zote. Kama kuna mtu ameshawahi kurudishiwa pesa na gereji hapa Nairobi, aniambie alianzia wapi. Na anayejua mahali pa kupata springi za nyuma za Surf, za asili, hata za kutumika, zisizoguswa na gesi, tafadhali aandike hapa chini.