Caro-Kann ya chesi: nikishasukuma h5, askofu wa g5 nimtoeje?

kete_nyeusi: Wakuu, naomba akili zenu. Ligi ya klabu, meza ya tatu, na nikipewa nyeusi mimi ni Caro-Kann basi (ufunguzi wa kujibu e4 kwa c6). Tukaenda e4 c6, d4 d5, e5 (herufi na namba ni mraba wa ubao, nyeupe huanza), nikatoa askofu f5. Hapo mpinzani akasukuma h4. Ukijibu e6 kwa mazoea, g4 inamkimbiza askofu hadi g6, kisha h5 inamzika. Nikaweka h5 yangu. Maaskofu wakalana d3, malkia wake akabaki pale, nikacheza e6, naye akaleta askofu g5.

Huyo ndiye swali langu. Askari wangu wa h keshapita, hawezi tena kumfukuza. Nikisukuma f6, e6 na g6 zinabaki dhaifu. Malkia wangu alipohamia b6, farasi wake akapitia e2 hadi f4, akaanza kuikodolea macho h5. Tulitoka sare, ila mfalme wangu hakupata pa kujificha. Kila mtu anasema c5 isukumwe "mapema". Mapema ni lini?

ngome_mbili: Dawa iko kabla ya e6, mkuu. Malkia wake akishakula d3, peleka wako a5 kwa shaha (kumshambulia mfalme), aking'ang'ania kuziba, nenda a6. Akikubali malkia waondoke, mchezo wa mwisho ni mtamu kwako: askari wake wa d4 na e5 wamekaa kwenye rangi ileile ya askofu wake.

kete_nyeusi: Akiziba kwa farasi d2, halafu c4?

ngome_mbili: Kula. Farasi wake akirudisha, d5 haina tena askari wa kuilinda upande wake. Farasi wako apitie e7, apige kambi pale.

pembeni_tu: Mnajitesa. Mwaka 1961, wakigombea ubingwa wa dunia, Tal alimchezea Botvinnik h4 hiyohiyo, na katika mchezo mwingine wa pambano lilelile Botvinnik alijaribu pia c5 hatua ya tatu, bila kumtoa askofu. Ubingwa ukarudi kwa Botvinnik.

kete_nyeusi: Hiyo siiwezi, akila c5 utahangaika kumrudisha askari wako. Naipeleka a5 mezani. Na akiziba shaha kwa b4?

ngome_mbili: Usimle kwa pupa. Nenda a6 vilevile. Malkia wakilana a6, farasi wako aliyemla pale tayari anaitishia b4.