Watu wa zamu yangu wananificha hasara: je, mimi ni kiongozi au ni msimamizi tu?

Zamu_ya_Usiku ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Miezi minne iliyopita nilipandishwa cheo kuwa msimamizi wa zamu ya usiku katika bohari la vinywaji hapa Mwanza. Jina la kampuni naomba nilihifadhi. Nina watu 14 chini yangu: madereva wawili wa foklifti, karani mmoja, na waliobaki ni makuli, wengi wao vibarua. Nilidhani nimeanza vizuri. Sikumfokea mtu, chai ya saa tisa usiku tulikunywa pamoja, na aliyefiwa nilimpa ruhusa bila kumzungusha.

Mwisho wa mwezi uliopita tulipohesabu mzigo, kreti 31 hazikuonekana. Mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye wizi. Siku ya tatu, nilipokuwa nikizunguka nyuma ya banda la jenereta, niliona turubai kuukuu limetandazwa chini kwa unadhifu usio wa kawaida, nikalifunua, nikakuta vipande vya chupa vimefukiwa nusunusu pamoja na kreti zilizopasuka. Foklifti ilikuwa imeangusha paleti karibu wiki tatu nyuma, na watu wote 14 walijua, akiwemo karani ambaye kila usiku tunachangia naye chupa moja ya chai.

Kilichoniuma zaidi ni jambo jingine. Mama niliyepokea nafasi kwake alikuwa mkali, mtu asiyecheka ovyo, lakini daftari lake la hasara nimelikuta limejaa: saa, mahali, sababu, na kurasa nyingine zimeandikwa kwa mwandiko wa dereva mwenyewe aliyevunja. Daftari langu mimi ni safi kama siku lilipotoka dukani. Naomba mnisaidie kufikiri: ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu awe kiongozi wa kweli kazini, ikiwa upole wangu umeniletea turubai na ukali wake ulimletea ukweli?

Muuguzi_Mfawidhi amejibu:

Pole sana, kaka. Mimi nasimamia wadi ya wazazi, na kwa uzoefu wangu daftari safi ndilo linalopaswa kumnyima msimamizi usingizi.

Katika kazi yetu ipo karatasi iitwayo patografu, ambayo mkunga huijaza kadiri uchungu wa mama unavyoendelea: njia imefunguka kiasi gani, mapigo ya moyo ya mtoto, presha ya mama. Patografu ya kweli huwa na sura ya kazi. Ina wino wa rangi mbili kwa sababu kalamu iliisha katikati, ina nukta iliyokatwa na kurekebishwa, na wakati mwingine ina alama ya kidole. Ile iliyopikwa, yaani iliyojazwa kwa mkupuo mmoja baada ya mtoto kuzaliwa, huitambua hata nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu mstari wake umenyooka kuliko uchungu wowote niliowahi kuuona. Kila ninapoikuta iliyopikwa, hujiuliza kwanza kama nimemtisha mkunga yule au nimemwachia kazi ya watu watatu, kabla sijamwita.

Katika miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani Amy Edmondson, akiwa Harvard, alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wadi za hospitali akitarajia kwamba wadi zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilimjia kinyume: wadi zenye uongozi mzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Alipochimba aligundua kwamba watu wa wadi hizo walikuwa huru kuyasema, ilhali katika wadi nyingine yalifichwa.

Kwa hiyo usiupime uongozi wako kwa chai ya saa tisa. Mimi, tunapokabidhiana zamu mbele ya wauguzi wapya, husimulia siku niliyosahau kuandika kwamba sindano ya saa mbili imekwisha kutolewa, na mwenzangu aliyenipokea akakaribia kuirudia. Kilichomwokoa mama yule ni kwamba muuguzi huyo alipata ujasiri wa kuniuliza mimi niliyemzidi cheo. Nikishaisimulia habari hiyo, ndimi hulegea.

Kamanda_wa_Mizigo amejibu:

Tusizunguke. Yule mama aliletewa taarifa kwa sababu waliogopa kubainika. Binadamu bila kuogopa hafanyi kazi, na nyinyi mnaotaka kila mtu afurahi kazini ndio mnaoua makampuni.

Mstaafu_wa_Nguo amejibu:

Ndugu yangu uliyetangulia, ningependa kukubaliana nawe, lakini umri umenikatalia.

Nimekulia Tanga, jirani na mashamba ya mkonge, na wazazi wetu walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, chini ya nyapara, msimamizi wa vibarua. Hofu ilikuwepo ya kutosha. Je, nyapara aliletewa ukweli? Hakuletewa, watu walijifunza kufunga matita ya mkonge yaliyonona kwa nje na kukonda kwa ndani. Ndiyo maana hadi leo neno hilo lina ladha chungu, na magerezani mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake huitwa nyapara, wala hakuna aliyefikiria kumwita kiongozi. Kabla ya mashamba hayo, katika misafara iliyotoka Tabora kwenda pwani, aliyetembea mbele na bendera aliitwa kirangozi, na mara nyingi wapagazi wenyewe ndio waliomchagua. Nayataja haya kwa sababu vijana mnadhani tofauti ya bosi na kiongozi imeletwa na semina za hotelini.

Niliajiriwa katika kiwanda cha nguo mwaka 1972. Mwongozo wa TANU, tamko la chama tawala cha enzi hizo, ulikuwa umetoka mwaka mmoja kabla, na kifungu chake cha 15, kilichomkataza kiongozi majivuno, dharau, ubadhirifu na ukandamizaji, tulikijua kwa namba kama watu wanavyojua aya. Kati ya 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliacha kazi kwa sababu ya matusi na dharau ya mabosi, na wapo waliowafungia mameneja nje ya lango. Nisiwe mnafiki: wapo pia waliokigeuza kifungu hicho kuwa mwavuli wa uvivu, ukimwambia mwenzako amechelewa anakusomea namba 15. Kwa hiyo na upole usio na mfupa naujua ulivyo.

Lakini mtu ninayemkumbuka ni fundi mkuu wetu. Katika mwezi wangu wa pili niliufunga vibaya mtambo wa kufuma, nyuzi zikakatika upande mzima, na kazi ya zamu nzima ikaharibika. Hakusema neno mbele ya wenzangu. Alipanda kwa meneja, na kwa kuwa ukuta wa ofisi ulikuwa wa mbao nilimsikia akisema, "Kosa ni langu, nilimwachia mtambo kabla hajaujua." Aliposhuka alinipeleka pembeni akanikaripia karipio ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yanawaka moto, kisha akanirudisha kwenye mtambo uleule, akasimama nyuma yangu mpaka saa kumi alfajiri. Kule juu alibeba lawama, huku chini akadai kazi. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi baada yake, na wengi wao walifanya kinyume: juu walitutaja kwa majina, chini wakatuchekea.

Kijana wangu, yule mama mkali huenda alikuwa wa aina ya fundi mkuu. Waulize waliofanya naye kazi ni nini alichokuwa akikisema alipoitwa ofisini.

Afisa_Utumishi amejibu:

Shikamoo Mzee. Nimeyasoma yote kwa makini, na nina wasiwasi kwamba tunaijadili tabia ya mtu mmoja huku swali la msingi zaidi halijaulizwa. Ndugu muuliza swali, chupa ikivunjika katika bohari lenu, nani analipa?

Nauliza kwa sababu nimehudhuria mashauri mengi ya aina hii, na karibu kila mahali palipokuwa na turubai palikuwa pia na makato. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara, ila kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi anayekatwa; aelezwe kwa maandishi chanzo chake, kiasi, na namna kilivyokokotolewa; apewe nafasi ya kupinga; na makato yasizidi hasara halisi wala robo ya ujira wake. Kugawanya hasara kwa zamu nzima ili "mlindane" hakumo humo, na mtu akilipeleka jambo hilo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Namheshimu dada muuguzi, lakini kusimulia makosa yako mbele ya kibarua ambaye akikiri atakosa nauli ya wiki ni kumtega. Ujasiri una bei, na msimamizi mwenye mshahara wa mwezi huwa haioni. Kiongozi wa kweli, kwa maoni yangu ya kiofisi, ni yule anayejua bei hiyo ni kiasi gani na anayekwenda kuipunguza mahali inapopangwa. Akikosa mamlaka ya kuipunguza, basi angalau awaambie watu wake hivyo waziwazi, maana kuahidi ulinzi usiokuwa nao ni kosa kubwa kuliko ukali.

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu swali la Afisa Utumishi lilinipeleka mahali ambapo sikupenda kufika.

Nilikwenda kusoma ubao wa matangazo. Lipo tangazo linalosema kwamba thamani ya chupa zitakazovunjika itagawanywa sawasawa kwa watu wote wa zamu. Lina tarehe ya wiki yangu ya kwanza kazini. Nililibandika mimi, kwa mkono wangu, nikalisahau, kwa kuwa wasimamizi hawamo katika mgawanyo huo. Yule mama aliondoka kabla halijatolewa. Nilipompigia simu aliniambia kwamba lilikuwa limependekezwa mara mbili wakati wake, na mara zote mbili aliingia ofisini na daftari lake kuonyesha kwamba nusu ya chupa huvunjika kwa sababu sakafu ya lango namba 2 ina shimo. Shimo lenyewe nimelipita kila usiku kwa miezi minne.

Nilimwendea meneja nikiwa na daftari lake, na langu tupu, na maandishi ya kifungu cha 28. Sikushinda kama katika hadithi. Makato ya zamu nzima yamesimamishwa wakati makao makuu yanatafakari, fedha zilizokwisha kukatwa hazijarudishwa, na shimo limezibwa kwa zege ambalo tayari lina ufa. Watu wangu niliwaambia hivyo hivyo, pamoja na habari ya nani aliyebandika tangazo. Karani alisema, "Tulijua, bosi."

Juzi, saa saba na robo usiku, dereva alikuja mlangoni kwangu akiwa na kofia mkononi, akasema amevunja kreti nne. Nikiri kwamba neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa "Tena?", na nililimeza likiwa limefika nusu, naamini alilisikia. Tulikwenda wote mpaka langoni tukasafisha. Kisha akaliomba daftari, akaegemea paleti, akaandika mwenyewe: saa 7:10, lango namba 2, ufa.